Masanduku Yaliyorudi kwa Miguu

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, karani wa mizigo iliyopotea uwanja wa ndege alikuwa anakoroga chai kwa kifuniko cha kalamu, maana kijiko cha ofisi nacho kilikuwa kimepotea, sanduku la kwanza lilipoingia peke yake. Lilipita mlango wa kioo, likapanga foleni nyuma ya bwana mmoja aliyekuwa analalamikia mwavuli wake, likangoja zamu. Lilikuwa na vumbi hadi kwenye mpini. Karani akamaliza na bwana wa mwavuli, akavuta fomu, akaandika: rangi, nyeusi, magurudumu, manne, moja bovu, aliyelileta, limejileta.

Wapakiaji walimwita Dada Fomu. Kwake hakikutoka kitu bila fomu, na mwenye mzigo sharti aje mwenyewe na kitambulisho, atie sahihi mbele yake. Hata uwe nani, kama huna fomu unakaa benchi.

Hadi saa sita masanduku yalikuwa yamejaza ukumbi. Yalitoka mtaa wa juu, nyumbani kwa Naibu Waziri, yakashuka kwa kufuata ukingo wa barabara kuu, yenye magurudumu mbele, yasiyo nayo yakijikokota nyuma. Trafiki aliyasimamishia magari. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi, na mteja wake akamfuata, kichwa kimenyolewa nusu, wakasimama mpaka la mwisho la siku hiyo likapita. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Kamera za uwanja zilikuwa zimemnasa Mheshimiwa mara kumi na moja akishuka kwenye ndege na mkoba wa kwapani, akitoka nje na sanduku la mtu. Kamati iliundwa, ikakaa miezi minne, ikasema masanduku hufanana. Watu wakauliza, hata lile la mtoto, lenye picha ya sungura? Kamati ikajibu, jamani, yaishe.

Dada Fomu alikuwa anangoja moja tu, la kijani, lenye utepe mwekundu kwenye mpini. Mdogo wake, muuguzi, alifia ugenini mwaka uliopita. Jeneza lilifika, sanduku halikufika. Tangu hapo mama yao alikuwa na ombi moja: aletewe sweta la njano la mwanawe kabla halijaishiwa harufu yake. Kila jioni karani alipofungua mlango, mama alitazama mikono yake kwanza, ndipo akaitikia salamu.

La kijani lilikuja Alhamisi saa kumi, linachechemea. Halikupanga foleni. Lilizunguka kaunta, likaja kuegemea goti la karani, kama mdogo wake alivyozoea kumwegemea akiwa na homa. Karani akaliwekea mkono. Lilikuwa na joto. Mkanda wa mizigo ukaacha kukwaruza. Machozi yakamshuka, hakuyafuta, akavuta fomu.

Akajaza vizuri mpaka mstari wa mwisho, na hapo kalamu ikasimama. Sahihi ya mwenye mzigo, mbele ya karani.

Msimamizi wake alikuja kwa upole, mtu mwema tu. Akamkumbusha kanuni ambayo karani mwenyewe aliibandika ukutani: mzigo usiosainiwa na mwenye mzigo huenda ghala la wizara.

"Na ufunguo wa ghala anao nani?" karani akauliza.

"Unajua anao nani, dada yangu. Usinitese."

Miaka kumi na tisa hajatoa dirishani hata kamba ya kiatu bila sahihi. Akaichana fomu vipande viwili, akalishika sanduku mpini, wakatoka wote wawili kupitia mlango wa kioo, mchana kweupe, chini ya kamera zote.

Nyumbani, mama alitazama mikono yake. Zipu ikafunguka yenyewe, taratibu, na sweta lilikuwa juu, mikono imekunjiwa ndani kama marehemu alivyozoea kukunja nguo. Mama akalivaa palepale. Ndipo ndani ya sanduku mtu akapiga chafya mara tatu, kama alivyopiga yule binti kila alfajiri tangu utotoni.

"Pole, mwanangu," mama akasema. "Umechelewa, lakini umefika."

Jumatatu ikaja barua. Karani amefukuzwa kazi kwa wizi wa sanduku moja uwanjani, ushahidi wa kamera upo, na wizara haitavumilia tabia hiyo. Sahihi, Naibu Waziri. Karani akaisoma mara mbili, akaona hawakujaza tarehe, akawajazia.

Mchana huo yeye na mama walikaa dirishani. Mheshimiwa alikuwa amerudi safari Jumamosi, na masanduku sita mageni yalikuwa yanapita barabarani kuelekea uwanjani. La mwisho, dogo, la rangi ya waridi, lilisita mbele ya geti lao. Dada Fomu akatoka, akalipangusa vumbi kwa khanga yake.

"Nyoosha hivyo hivyo," akaliambia. "Ukifika kwenye mlango wa kioo, panga foleni. Dirishani kwangu hakuna mtu, lakini wewe panga foleni."

Likashukuru kwa kutingisha mpini, likaenda.