Hatua ya Sita ya Profesa

Ofisini kwetu, anayekagua mwongozo huufuata neno kwa neno, na aliyeuandika huketi kando, mdomo kaufunga. Jana nilikagua wa mwenzangu tunayemwita Profesa, wa kuhamishia programu yetu ya kusaka hitilafu kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Hatua ya sita, skrini ikaganda. Profesa akainuka nusu kitini, akaketi tena.

"Haya, sema!" nikafoka.

"Kwanza unaizima programu kwenye mfumo wa zamani. Kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani?"

Akajikuna kichwa. "Mimi."

Nikaandika palepale kwenye mwongozo: "Ukikwama hapa, mpigie Profesa, hata akiwa likizo."

Akaninyang'anya kibodi. Kabla chai yangu haijapoa, maelezo yaliyokosekana yalikuwa yameshaandikwa, tena na picha tatu.