Mstari wa Mwisho wa Wimbo wa Pasaka

Nimechoka. Nalisema mapema usije ukaniona mama mbaya. Kutwa nafua mashuka ya wagonjwa kule hospitali ya Kitete, nikifika nyumbani miguu inawaka moto, na badala ya kukaa naanza kazi ya pili: kumbembeleza binti yangu Martha apulize tarumbeta.

Lilikuwa la baba yake. Yaani ni la kanisa, ila mume wangu Benjamini alilipuliza miaka kumi na saba. Alipofariki mwaka jana, kiongozi wa bendi, Mwalimu Shigela, alituachia kwa sharti moja: hadi Jumapili ya Mitende mtoto awe anaujua wimbo wa Pasaka. Akishindwa, apewe mwingine. Sisi Wamoraviani Pasaka tunaamkia makaburini, bendi inapuliza jua likichomoza. Na mimi sikutaka mikono mingine ilishike lile tarumbeta, basi.

Nimejaribu kila kitu. Nimemwahidi viatu, nimemnyima katuni. Dada yangu alipoleta asali ya Sikonge nikasema kijiko kimoja kila zoezi, na kwa ujinga wangu nikampa kabla ya kupuliza. Vitufe vikanata, Jumamosi nzima naosha bomba kwa maji ya vuguvugu huku nanung'unika peke yangu.

Wala si mzito wa kichwa. Mistari mitatu ya mwanzo aliishika kwa wiki mbili. Akifika wa mwisho, analiweka tarumbeta chini. Leo midomo inauma, kesho tumbo, keshokutwa ana hesabu za shule, yeye ambaye hesabu anazikimbia.

Ijumaa kabla ya Mitende uvumilivu ukaniishia.

"Basi," nikamwambia. "Kesho narudisha chombo cha watu. Baba yako angeona aibu."

Hakulia. Alifuta mdomo wa tarumbeta kwa pindo la sketi, taratibu, baba yake mtupu.

"Nikiumaliza, si ndiyo nitaenda kumpulizia baba kaburini?"

"Ndiyo."

"Mimi sitaki baba awe kule."

Nikakaa kizingitini. Miezi yote hiyo nilidhani uvivu, nikamsema kwa majirani, nikamlinganisha na watoto wa wenzangu. Na mimi mwenyewe tangu tumzike sijakanyaga pale. Nikiulizwa nasema kazi, nasema miguu.

"Hata mimi sitaki, mwanangu," nikasema. Ilinitoka hivyo hivyo.

Akanitazama sana. Jikoni maharage yakaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka.

"Pasaka utakuja na mimi?"

"Nitakuja."

"Utasimama karibu?"

"Nitasimama karibu."

Akalinyanyua, akaanza tangu mwanzo. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha ule wa mwisho akaupuliza wote, polepole, bila kukosea hata mahali pamoja. Alikuwa anaujua siku zote.