Kompyuta Iliyosikia Koo

Daktari wa usingizi, ambaye wauguzi walimwita Bibi Lala Salama, alishangaa. Mgonjwa wake wa upasuaji alikuwa mwalimu wa kwaya, mwembamba, na kinywa chake kilifunguka kama geti. Lakini kompyuta mpya, iliyofundishwa kwa nyuso na sauti za maelfu ya wagonjwa, ilionya kwamba kupitisha mpira wa kupumulia kooni mwake kungekuwa kugumu.

"Leo mashine imepotea njia, dokta," muuguzi alicheka. "Koo hili si ndilo linaloimba?"

"Tahadhari kabla ya hatari, mwanangu. Lete mpira mwembamba na ile kamera."

Mwalimu alipolala kwa dawa, daktari alichungulia kooni. Nyuma ya ulimi uvimbe laini ulikuwa umeziba karibu njia yote. Akapenyeza kamera pembeni, taratibu, mpira ukafuata, kifua kikainuka.



"Imejuaje?" muuguzi alinong'ona.

"Hata walioiunda hawawezi kukueleza vizuri," daktari alijibu, akiubandika mpira kwa plasta.

Jioni mwalimu alizinduka, akaomba maji, kisha akaijaribu sauti yake kwa mbali. Daktari alisimama mlangoni akisikiliza, asijue amshukuru nani.