Mtu wa Kumngoja Mlimani

Dobi na pacha wake waliahidiana kwamba wakitimiza miaka hamsini wataupita mgongo wa mlima wa chokaa kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Hamsini ilitimia miaka mitatu iliyopita. Jumamosi waliyoipanga hatimaye, dobi alikuwa ameshachemsha mayai manne na kufunga kamba za viatu simu ilipolia.

“Pacha, usininunie. Mjukuu kaamka na homa.”

“Nikununie kwa lipi? Muuguze mtoto.”

Alikaa kidogo kitandani, kisha akaenda peke yake.

Huko juu njia ilikuwa nyembamba, mawe meupe yamechongoka, na kwenye vishimo vyake maji ya mvua yametuama. Kulia bonde, kushoto bonde. Miaka ishirini na sita alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli katika chumba kisicho na dirisha. Leo macho yalipata pa kwenda, ila hakuwa na wa kumwambia “tazama kule.” Mara mbili alijikuta amefungua mdomo.

Saa sita mchana alifika penye ufa. Haukuzidi hatua moja, lakini chini yake palikuwa giza tupu. Miguu ikagoma. Akaketi.

Mzee mmoja akatokea nyuma yake, kofia mkononi, anahema.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Unamngoja mwenzio?”

“Ndiyo. Yuko nyuma,” akasema, wala hakujua uongo ule umetoka wapi.

“Basi tumngoje wote. Hapa si pa kumwacha mtu.”

Wakangoja. Dobi akampa mayai mawili. Mzee akayamenya taratibu, akisimulia alivyokuwa fundi saa hadi macho yalipomwangusha. Nusu saa ikapita. Dobi akainamisha uso.

“Baba, haji mtu.”

Mzee hakucheka. “Na mimi nilimwambia mlinzi wa geti kule chini kwamba mke wangu ametangulia. Hawaruhusu mzee kama mimi kupanda peke yake.” Akakung’uta maganda ya mayai magotini. “Ana mwaka kaburini.”

Akavuka kwanza, akanyoosha mkono. Dobi akaushika, akaruka.

Walitembea pamoja hadi njia panda. Mzee alikuwa akishukia bonde la pili.

“Haya, mwanangu.”

“Haya, baba.”

Hatua kumi mbele, dobi akageuka kumwita amuulize anakaa wapi. Mzee alishapotelea nyuma ya mwamba. Dobi akasimama akisikiliza kokoto zikiporomoka chini ya viatu vya mzee, mpaka nazo zikanyamaza. Ndipo akashuka.