Sauti Mbili Bombani

Mchanga uliendelea kushuka hata baada ya kishindo kwisha. Ulichirizika mwembamba, kama unga unaovuja kwenye gunia lililotoboka, ukaniingia shingoni hadi ndani ya shati. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya kisima cha futi ishirini na tano, magoti ndani ya maji ya baridi. Dakika moja kabla, juu ya kichwa changu palikuwa na duara la mbingu ya Septemba. Sasa palikuwa na mbao zilizovunjika na uzito wa udongo nisiouona. Nikanyoosha mikono, nikaanza kuparura.

"Acha," sauti ikasema gizani. "Mwalimu, acha. Unauita udongo."

Ilikuwa sauti ya Fundi Jagjivan.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita wakati huo. Watu waliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa katekista wa kigango chetu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishwe. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilitutoa bondeni, kwenye kijito na mashamba yetu ya ulezi, ikatupanga kwa mistari kando ya barabara, huku juu uwandani ambako upepo wa Ufipa hauna cha kuuzuia. Tulipata shule, tukapata godauni, tukaahidiwa maji. Wakati tukiyasubiri, wake zetu waliteremka bondeni kule kule tulikotolewa, saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi, wakateka maji ya kijito kile kile. Hatimaye tuliamua kuchimba wenyewe. Shimo la kwanza lilikutana na mwamba kwenye futi ishirini na nne, tukaliacha. Hatua nne pembeni yake tukachimba la pili, na hilo likatoa maji.

Fundi Jagjivan aliletwa kutoka Sumbawanga kufunga pampu. Alikuwa Mhindi mwembamba wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa hapa hapa nchini, aliyetengeneza mashine za kusaga kuanzia Laela hadi Namanyere. Alilala kwangu siku tatu. Hakula nyama, kwa hiyo mke wangu Bertilla alimpikia maharage na ugali wa ulezi, na alisifu kila sahani kama mgeni wa harusini. Kila alfajiri aliketi nje kwenye mkeka, uso mashariki, akavuma maneno fulani kwa sauti ya chini, tena na tena. Bertilla alikuwa akiwasha moto huku akimsikiliza. Mimi nilifunga dirisha.

Siku ya nne tuliteremka wawili kushikilia bomba lililokuwa likishushwa kutoka juu. Bomba lilikuwa limekwisha kufika chini na kusimama wakati ukuta ulipomeguka katikati, juu ya vichwa vyetu. Pete moja ya zege, katika zile zilizoshikilia ukuta, iliporomoka. Mbao za jukwaa zikakwama mshazari na kubeba udongo uliofuata, na hizo ndizo zilizotuachia nafasi ya watu wawili kuchuchumaa. Bomba halikuvunjika. Lilipita katikati ya kifusi kile kama mrija, na ulipoweka shavu kwenye mdomo wake ulisikia hewa ikigusa ngozi.

Tulipiga kelele kwenye bomba hilo. Hakuna aliyejibu. Kila tulipopaza sauti, mchanga uliongezeka.

"Umeumia?" nilimuuliza.

"Mguu umebanwa kidogo. Wewe?"

"Sijaumia."

"Basi tukae kimya. Watakuja."

Lakini sikuweza kukaa kimya. Nilianza Salamu Maria, maneno niliyoyasema tangu kabla sijaota meno ya pili, na yakanitoroka. Yalikimbia. Niliyajua mno, ulimi uliyamwaga bila kunisubiri, moja juu ya jingine, na pumzi zikakimbia nyuma yake, hadi nikawa nahema kama mbwa na kuona vimulimuli vyekundu gizani. Mikono yangu ikarudi juu, ikaanza tena kuparura. Donge la udongo likaanguka kati yetu.

Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu mwembamba kiasi kile.

"Sali sala yako," alisema, "lakini polepole."

"Siwezi."

"Polepole, Mwalimu. Hewa hii ni ya wawili."

"Nimekwambia siwezi!"

Kisha akasema, "Basi sema ya kwangu. Hii huijui, kwa hiyo haitakukimbia. Inabidi unifuate."

Akavuta pumzi, akaanza. *Om.* Alilianza kinywa wazi na kulimaliza kinywa kimefungwa, na mlio ukabaki kifuani mwake, nikauhisi kwenye maji na kwenye bomba tulilokuwa tumeliegemea. Baada ya hapo maneno manne, matano, marefu na mageni, yote kwa pumzi moja. Akavuta tena. Akanisubiri.

Nilikuwa katekista. Niliwafundisha watoto wa kijiji amri ya kwanza kwa kuwapigisha makofi. Na nilimfuata yule Mhindi, neno kwa neno, kwa sababu nilitaka kuishi.

Nilikosea. Alianza upya. Nilikosea mahali pengine. Alianza upya. Aliniambia nisilitupe lile neno la kwanza nje, nilimalizie ndani. Aliniambia pumzi moja ni ya kusema na pumzi inayofuata ni ya kunyamaza. Kawaida, alisema, watu huhesabu kwa shanga mara mia na nane, lakini shanga zake zilikuwa juu, kwenye koti, na rozari yangu pia. Kwa hiyo alihesabu kwa kidole gumba kwenye vifundo vya vidole vyake. Nilijitahidi kushika neno linalokuja, na kwa kuwa nililazimika kulisubiri, nilisahau kuhema. Vimulimuli vikaondoka. Sijui tuliendelea kwa muda gani. Gizani hakuna saa.

Wakati mmoja bomba lilinguruma. Tulidhani udongo unakuja tena, tukakumbatiana kama watoto na kuziba vichwa. Haukuja. Tukaanza upya.

Nilipotulia, akili yangu ya katekista ilirudi, nayo ilirudi na swali.

"Tunasema nini, Fundi?"

"Sasa si wakati wake."

"Niambie. Nimeyatia kinywani mwangu. Nataka kujua ni nini."

Alijibu taratibu, kwa vipande. Sauti yake ilikuwa imepungua, nami nikadhani ni uchovu tu. Alisema tunamwita Mwenye macho matatu, anayelisha kila kilicho hai. Tunamwomba atufungue kutoka kwenye kifo, kama tango linavyofunguka kutoka kwenye kikonyo chake.

Nilihisi baridi ya maji yale ikinipanda hadi kifuani.

"Tango," nilisema. "Yaani umekuwa ukinifanya niombe tuchumwe?"

"Hapana."

"Mimi nina mke! Nina watoto watatu pale juu! Umenifanya nikuombee kifo wewe na mimi mwenyewe, kwa mungu nisiyemjua?"

"Mwalimu, sauti."

Mchanga ulishuka mgongoni kwangu. Nikafunga mdomo, nikamgeuzia mgongo kadiri nafasi ilivyoruhusu. Yeye aliendelea peke yake. Nilimsikia akivuma kwenye bomba, sauti moja, pumzi moja, kimya, pumzi moja. Kwa muda huo wote sikutia neno. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko hofu, na naikumbuka kwa aibu hadi leo, maana ilinipa joto.

Kilichotokea juu nilikuja kukijua baadaye. Ukuta ulipoanguka, ukingo wa kisima ulipasuka nyufa, na Mwenyekiti wa kijiji, Eustaki, aliwaondoa watu wote hadi umbali wa kurusha jiwe. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuzika kumi kwa kuwatafuta wawili. Alituma baiskeli Sumbawanga kuomba lori lenye winchi, na kila mtu alijua lori, likipatikana, lingefika kesho. Watu walikaa chini, wanawake wakaanza kulia kilio cha msiba.

Bertilla hakulia. Alitambaa kwa tumbo hadi kwenye bomba, akaweka sikio. Akaita jina langu ndani yake, na huo ndio uliokuwa mngurumo uliotutisha. Kisha akasikiliza tena, akatambaa kurudi, akasema, "Wako hai wote wawili. Mume wangu anasali na Fundi."

"Anasali nini?" Leonsi aliuliza. Leonsi alikuwa mzee wa kigango, mtu wa haki lakini mgumu.

"Sala ya Fundi."

Leonsi akatambaa mwenyewe kwenda kuhakikisha. Na saa aliyoweka sikio lake ndiyo saa niliyokuwa nimegeuza mgongo. Alirudi akitikisa kichwa. "Ni Mhindi peke yake. Mwalimu hayupo. Angekuwepo tungesikia rozari."

"Nimelala kando ya sauti ile miaka kumi na mmoja," Bertilla alisema.

Mwenyekiti akamwomba akae chini. Hakukaa. Alichukua jembe, akaenda kwenye lile shimo la kwanza tuliloliacha, akaingia, akaanza kulima ukuta wake wa upande wa kisima, chini kabisa karibu na mwamba, ambako udongo ni wa mfinyanzi na hausogei. Yeye na wenzake ndio waliobeba udongo wa mashimo yote mawili kichwani, waliujua kuliko mwanamume yeyote. Adela, dada yake, akamfuata. Kisha wengine. Baadaye Mwenyekiti mwenyewe akavua shati.

Chini, Fundi alikuwa amenyamaza.

Kimya kile kilinigeuza. Nikamgusa bega, nikalikuta limelowa jasho la baridi.

"Fundi."

"Sikiliza," alinong'ona. "Tango likiwa bichi, ukilivuta, linang'ang'ania. Unararua mti. Likiiva halihitaji mtu wa kulivuta, linaachia lenyewe. Tunaomba hivyo tu. Tusiraruliwe." Alipumzika. "Na mimi bado mbichi, Mwalimu. Binti yangu anaolewa Desemba."

Nikatafuta lile neno la kwanza, nikalianza mimi. Yeye akaingia kwenye neno la pili, kwa mbali, na safari hii ni mimi niliyevuta na yeye aliyefuata. Nilipopotea, alinirudisha. Tulikuwa bado tunasema hivyo wakati jembe lilipotoboa ukuta usawa wa kiuno changu, na mwanga wa jua la alasiri ukaingia mwembamba, wa rangi ya ule udongo.

Kwa mwanga ule ndipo nilipoona. Pete ya zege ilikuwa imelala juu ya mguu wake wa kushoto, chini ya goti, na maji tuliyokuwa tumekaa ndani yake yalikuwa mekundu.

Sumbawanga walimkata mguu huo, lakini walimwokoa.

Wiki tatu baadaye Padre alikuja kigangoni, na baada ya Misa wazee waliombwa wabaki. Watu wengine walibaki bila kuombwa. Leonsi alisimama, akaeleza bila chuki kwamba maneno yanazagaa: kwamba Mwalimu aliita miungu chini ya ardhi, na kwamba habari hizo zinatoka kwa mke wake mwenyewe, aliyeapa mbele ya kijiji kuwa alimsikia. Yeye Leonsi alisikiliza bomba lile lile na hakusikia sauti ya Mwalimu. Kwa hiyo ama Mwalimu alifanya jambo hilo, ama mama Bertilla alisema uongo.

Padre alikuwa mzee wa Kizungu aliyenibatiza, na alinipenda.

"Mtu mwenye hofu husikia mengi," alisema kwa upole. "Labda mama alidhani tu. Hakuna atakayemlaumu. Ndivyo ilivyokuwa, Flavian?"

Mlango alionifungulia ulikuwa wazi kabisa. Ningepita ndani yake na kutoka nikiwa katekista. Bertilla alikaa upande wa wanawake, mikono yake mapajani. Malengelenge ya jembe yalikuwa yamepasuka na kukauka. Hakunitazama. Alitazama sakafu, na nikaelewa kwamba ameniruhusu niupite.

"Nilikuwa mimi, Padre," nilisema. "Alisikia vizuri."

"Ulijua ulichokuwa ukisema?"

"Mwanzoni sikujua. Mwishoni nilijua."

"Na ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Aliinamisha kichwa. Akasema nitapumzika kufundisha hadi Pasaka, na Leonsi atashika nafasi yangu, na akaniomba nikaungame. Nilikwenda kuungama. Niliungama hasira niliyokuwa nayo kule chini kwa mtu aliyekuwa akivuja damu. Padre alisubiri lingine, na mimi sikuwa nalo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Bertilla mbele na mimi nyuma, upepo ukilaza majani makavu pande zote mbili za njia. Tulikuwa tumetembea kitambo kirefu kabla hajasema.

"Siku ile sikukujua kwa sauti. Kwenye bomba sauti zote ni moja."

"Ulisema umelala kando yake miaka kumi na mmoja."

"Nilisema ili wachimbe." Alihamisha kanga begani. "Nilikujua kwa kukosea. Fundi nilimsikia kila asubuhi, alikuwa hakosei, anakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Siku ile alikuwa anafika katikati, anaacha, anarudi mwanzo. Anafika tena, anaacha, anarudi. Nikasema moyoni, huyu anamngoja mtu anayemfuata. Na aliyeko naye kule ni mume wangu."

Nilisimama njiani. Yeye aliendelea hatua kadhaa, kisha akageuka, akaniuliza kama nimechoka.

Nikamwambia hapana, nakuja.