Mto wa Punda wa Mwangangi

Mutindi alitengeneza mito ya punda sokoni Mwala, ile ya kuwekwa mgongoni ili mzigo usimchubue mnyama. Alikoroga utomvu wa mpira kwa sabuni mpaka ukafura povu, akatia unga wa chokaa ili mto uwe mgumu kidogo, na nyuzi za mkonge ili usipasuke. Nyuzi alizikata fupi kama punje za mchele. Zikibaki ndefu hujikusanya mafungu, na mto ukikandamizwa zinachomoza nje. Hilo alilijua vizuri.

Lakini siku ya kutengeneza mto wa mzee Mwangangi mkono ulichoka. Akazikata urefu wa kidole, akashonea kitambaa juu, akamuuzia bila kumwambia.

Baada ya wiki tatu Mwangangi alikuja akimvuta punda bila mkokoteni. Mgongoni mwa punda palikuwa na kidonda kipana kama kiganja.

"Ni makosa yangu," mzee akasema kabla hata ya salamu. "Watu wa kisimani wamenitukana mbele ya wajukuu, ati nampakia mitungi mingi. Mto wako uko sawa, mama. Nitengenezee mwingine wa kuweka juu yake."

Mutindi akaupapasa mto aliouleta mzee. Nyuzi zilimchoma kupitia kitambaa.

"Uache hapa," akasema.

"Mungu akubariki."

Mzee akageuka kwenda. Baraka ile ilimwunguza Mutindi masikio. Wateja walikuwepo, lakini alimwita.

"Mzee, rudi." Alichukua kisu akaupasua mto katikati. Nyuzi zilisimama ndani kama miiba. "Hukumpakia mingi. Ni mimi. Nilijua, na bado nikakuuzia."

Mwangangi alizigusa nyuzi kwa kidole. "Na mimi nimeshaomba msamaha kanisani kwa kumuumiza punda," akasema polepole. Hakumgombeza. Alishika kamba akaondoka, na Mutindi akatamani angalau atukanwe.

Kesho yake alienda kisimani, akawaambia waliokuwa kwenye foleni kosa lilikuwa la nani. Alisema chinichini, mama mmoja aliyekuwa nyuma hakusikia, ikabidi aseme tena, kwa sauti zaidi. Kutoka hapo akapitia kwa Mwangangi kuosha kidonda kwa maji ya chumvi, akarudi kila asubuhi, macho chini.

Kidonda kilipona baada ya mwezi. Mwangangi alimwitikia salamu, lakini mto mpya alienda kuununua soko la Katangi, na Mutindi hakuona sababu ya kumlaumu.