Jeneza Linalomngoja Mwenyekiti

Kidawa hakuwahi kuichukia harufu ya sambusa mpaka siku ile ya Februari, alipoingia ukumbi wa msikiti mmoja wa Dallas akawakuta wanaume wanatafuna, na kaka yake Ahmada yuko chumba cha pili, kakoshwa, kavishwa sanda, hajaswaliwa.

Alikuja kuleta ubani tu. Kwao Unguja wanawake hawasindikizi jeneza, na desturi hiyo waliifungasha wakaja nayo Texas. Angeuacha ubani mlangoni arudi nyumbani DeSoto, akae jamvini na wenzake. Lakini Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa kitambo, na gari la maiti bado liliegeshwa pale pale linapigwa mvua.

"Tunamngoja Mwenyekiti," alisema Mzee Hudhaifa, katibu wa jumuiya, akijifuta mafuta ndevuni. "Katoka Pearland, kule Houston, alfajiri, sasa ameshapita Corsicana, kakaribia. Atamswalisha yeye, atoe na nasaha mbili tatu. Kamera tumeshaitega, wa nyumbani wapate kuona."

Kamera kweli ilikuwepo, imesimama kwa miguu mitatu, imefunikwa kitambaa safi isiingie vumbi. Ilipewa heshima kuliko maiti.

Kidawa alijua anachokiogopa. Ahmada alikuwa akisukuma vitanda hospitali, na wengi aliwasukuma mpaka kwenye majokofu ya chini. Siku za mwisho alimshika mkono akamwambia, "Dada, usiniache nikalala friji." Naye akaahidi. Sasa televisheni ilitangaza kuwa mvua ile itageuka theluji jioni isijafika, na mlinzi wa makaburi alishasema kwamba theluji ikishika chini anafunga geti na kwenda zake.

"Mzee, hali ya hewa inabadilika."

"Mvua ni rehema, mwanangu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Yetu hayajambo," alidakia mmoja mwenye sambusa mkononi, na wenzake wakacheka. Kidawa akasonya.

Akatoka barazani akapiga simu ya nyumbani kwa Mwenyekiti, huko Pearland, amuulize mkewe Khairiya kama mumewe ana namba nyingine akiwa njiani. Simu ikalia mara moja tu. Aliyepokea alikuwa Haitham, Mwenyekiti mwenyewe, na nyuma yake watu wanashangilia mpira wa kikapu kwenye televisheni.

"Aa, Kidawa. Poleni sana. Ndiyo nataka kutoka hivi. Nilikuwa naicheki weather, naona huko kwenu kubaya."

"Si umeshapita Corsicana?"

Haitham akapunguza sauti ya televisheni. "Hiyo ni namna ya kusema tu, dada. Mtu akishanuia kusafiri, yuko njiani."

Kidawa akarudi ndani, simu imo mkononi, hajaikata. Hapo hapo kelele za mvua juu ya paa zikakatika.

"Imeacha, alhamdulillahi," alisema Mzee Hudhaifa, akaenda kufungua mlango. Haikuwa imeacha. Theluji ilikuwa inashuka nzito, kama pamba ya godoro lililopasuka, na gari la maiti lilikuwa limeshaanza kuwa jeupe.

"Zungumza naye," Kidawa akampa simu. "Yuko sebuleni kwake."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Wote wakamsikia. "Naam, Mwenyekiti. Sawasawa, Mwenyekiti. Hapana, hakuna aliyekasirika, Mwenyekiti." Akaikata, akakohoa. "Anasema tuahirishe mpaka barabara zifunguke. Atakuja na watu wa Houston, iwe maziko ya heshima. Maiti atahifadhiwa hospitali."

Mmoja alijimiminia chai. Kidawa aliwatazama hao ndugu zake wa dini na wa kwao mmoja mmoja, na kinyaa alichokisikia hakukificha usoni. Akaingia chumba cha pili akashika mkono wa jeneza.

"Haifai, mwanamke kubeba—" alianza Mzee Hudhaifa.

"Kwani mangapi yamefaa leo? Mswalie, mzee, au nisimame nje niwasimamishe Waislamu wapita njia."

Mzee akamswalia, harakaharaka. Dereva alidai hajawahi kuendesha kwenye theluji. Kidawa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka wazee kliniki msimu baada ya msimu, akachukua usukani. Waliopanda pamoja naye walikuwa wanne na Mzee Hudhaifa. Waliosalia walibaki kuikunja kamera.

Geti lilikuwa nusu limefungwa. Mlinzi alitazama saa, akatazama jeneza, akalisukuma lango wazi. Ndani ya kaburi maji ya mvua yalikuwa yamechanganyika na theluji, wakayachota kwa ndoo kwa mikono iliyokufa ganzi, wakamshusha, wakamfukia. Kidawa alisimama kando ya ukuta wa makaburi akiuangalia udongo mweusi unavyopanda. Kilio chake alikuwa amekiweka kwa saa hii. Ahadi ilitimia, geti halijafungwa, kaka yake kalala ardhini, sasa angelia.

Mzee Hudhaifa akamjia anakung'uta matope, akainama sikioni kwake kama mtu mwenye shida kubwa.

"Sasa Mwenyekiti tutamwambia nini?"

Kidawa akalitafuta chozi la Ahmada, asilione. Mahali pake palikuwa pamejaa kinyaa tu, na hata chozi hilo walikuwa wamemwibia.